Mkato wa Kulala

Uholanzi,
9 Oktoba 1983

Babu Bujiku,

Shikamoo. Mimi sijambo, isipokuwa baridi ya huku imeanza mapema na kunitia ganzi vidoleni. Masomo ya ualimu wa manesi yanaendelea vizuri. Nisalimie watoto wangu, Ansgar na Salvina, na mama mkwe anayenilelea. Mwambie huyo Mama Tarsisi karanga alizonitumia kwa mkono wa padri zimefika zote, nazila mojamoja kama vidonge ili zisiishe.

Sasa nikuambie kwa nini nakuandikia wewe na si mume wangu. Unanijua nilivyo. Siku ya harusi yangu ulisema Tarsisi aje na lori la pamba kunibeba, maana baiskeli ingemfia njiani. Tulicheka. Siku hizi sicheki. Magoti yamekataa ngazi, sukari imepanda, na usiku pumzi inanikatika nikiwa nimelala. Daktari wa hospitali ninayojifunzia amenipima, akaniambia bila kuzunguka kwamba nikiendelea hivi sitamwona Salvina akiolewa. Wana upasuaji wa kulipunguza tumbo la chakula. Wanalibana kwa pini ndogo za chuma, linabaki kama yai, unashiba kwa vijiko vichache, na mwili unapungua wenyewe.

Ameniachia nichague mkato. Wa wima unashuka kutoka kifuani hadi kitovuni. Ni wa haraka na yeye anaona vizuri ndani, lakini kwa mtu mnene kidonda chake huweza kuachia, na kovu linatisha. Wa kulala unapita chini ya mbavu, upande hadi upande. Unachukua muda, nitakaa zaidi kwenye dawa ya usingizi, na kwa pumzi yangu hilo si zuri. Ila ukipona, kovu linajificha kwenye mkunjo wa ngozi. Mimi nautaka wa kulala.

Sababu unaijua. Shemeji yangu Scolastika, mke wa kaka yake Tarsisi, aliporudi kutoka hospitali na mshono, Tarsisi na kaka yake walikaa kikao wakasema mwanamke aliyepasuliwa tumbo ameshatolewa kizazi, hata aape. Akarudishwa kwao na sanduku lake. Tarsisi asijue, Babu. Niambie tu wewe ungefanyaje.

Mjukuu wako,
Eufrasia


Njia ya Runzewe,
27 Novemba 1983

Mke wangu Eufrasia uliyenikimbia ukaolewa na dereva,

Marahaba, na mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, juu yake, ingawa naandika jua likizama. Mimi mzima, meno manne. Barua yako ilikaa parokiani Ushirombo mpaka padri alipokumbuka kwamba mimi bado ni Mkristo. Mvua ni ya kudanganya. Ansgar amejifunza kupiga mluzi, sasa ng'ombe hawamsikii mtu mwingine. Salvina amemaliza kuota meno na ananing'ata kwa makusudi. Mama Tarsisi analalamikia moshi. Kuni hakuna, anapikia mabua na mavi ya ng'ombe, macho yamekuwa mekundu kama ya fisi aliyekesha. Nilimwambia hivyohivyo. Akanirushia mwiko! Mkwe kumrushia mkwe mwiko, dunia imekwisha, lakini ugali ulikuwa mtamu.

Sasa hilo la mkato. Mimi nilipokuwa nachimba Geita, kabla mgodi haujafungwa, utumbo ulijisokota nikabebwa hadi kwa daktari wa Wazungu. Hakuniuliza wima wala kulala. Aliuliza kama nina mke. Nikasema ninaye. Akasema, basi kuna wa kumpa shati lako. Akanipasua kama samaki. Kovu unalijua, utotoni mlikuwa mkilichezea mkisema ni jongoo. Bibi yako, Mungu amrehemu, alilala na jongoo hilo miaka yote, na aliyetangulia kufa ni yeye.

Kwa hiyo nasema wima. Mwache daktari aone anachokata. Mtu akishona huku anafikiria uzuri, atashona na kisichotakiwa. Tarsisi akikufukuza kwa sababu ya mstari, rudi kwangu. Nimeshazeeka, sichagui.

Usipoipenda barua hii ichane, uile pamoja na karanga.

Babu yako mwenye jongoo,
Bujiku


Uholanzi,
2 Februari 1984

Babu,

Shikamoo. Barua yako imenikuta kitandani, nikacheka mpaka nesi akaja kunikataza kwa ajili ya mshono. Ndiyo, nimeshapasuliwa. Sikungoja jibu lako kwa sababu nilijua utasema nini.

Ni wa kulala. Daktari alinung'unika lakini alikubali. Nililala kwenye dawa muda mrefu kuliko walivyotaka, na siku tatu za kwanza sikujua kama niko huku au niko kwenu nateka maji. Sasa nanywa supu kikombe kimoja nashiba. Mkato wenyewe, Babu, ungeuona ungesema umechorwa na fundi: mstari mwembamba ulionyooka, na vinukta vya pini zilizoshona ngozi juu na chini yake. Mwili ukipungua, ngozi itaufunika kabisa.

Nimemwandikia Tarsisi kwamba nilikuwa na mafua. Usiniulize zaidi hapo. Nisalimie wote, na Mama Tarsisi umpe hiki kitambaa cha kichwa nilichofunga humu. Mwambie afute macho kwa maji ya chumvi, ya uvuguvugu.

Eufrasia


Njia ya Runzewe,
19 Mei 1984

Eufrasia,

Marahaba. Kitambaa kimefika, Mama Tarsisi amekivaa kanisani mpaka watu wakamsahau padri kwa kumtazama yeye. Watoto wazima. Mtama umeliwa na ndege, ng'ombe wawili wa mzee Mihayo wamekufa bila kuugua, na watu wananuna.

Basi umechagua. Sisemi kitu. Nitamtania nani sasa, mtu wa supu kikombe kimoja? Nilishazoea kukusikia unakuja kabla sijakuona.

Nisikilize lakini. Kule ng'ambo ya mto wamemuua bibi mmoja, mjane, kwa mapanga. Walisema anaua ng'ombe. Ushahidi ulikuwa macho yake mekundu. Basi mimi sasa namwona Mama Tarsisi akiinama kwenye moshi wake na sipendi. Nimemjengea jiko nje lenye dirisha. Amelidharau, anasema nimejenga choo.

Mwandikie mumeo ukweli kabla hujatua. Mtu aliyeondoka mnene akirudi mwembamba, wa kwetu hawaulizi amefanya nini. Wanauliza nani amemfanyia.

Bujiku


Dar es Salaam,
10 Machi 1985

Babu yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Tangu tulipoonana Februari nimekuwa nikianza barua na kuziacha. Chuo cha huku kimenipokea, nimepewa chumba, maji yanatoka asubuhi tu. Sukari yangu imeshuka, napanda ngazi. Hilo ndilo nililolitaka.

Mengine umeyaona kwa macho. Nilishuka pale kwenye lori, Salvina akakimbilia nyuma ya bibi yake akilia kwamba huyu si mama. Wanawake walishika vichwa kama wako msibani. Nikasema ni baridi na chakula cha Wazungu. Wewe ulinitazama tu. Nilikuona.

Tarsisi alikuja Dar wiki iliyopita na mzigo wa pamba. Alilala kwenye kiti. Ananiogopa kama mtu anayekufa, hata nguo hataki kunishikia, kwa hiyo hajaona kitu. Amekwenda kwa mganga mmoja upande wa Mwakitolyo bila kuniambia kwanza. Mganga amemuuliza: huko Ulaya alikula nini cha kutoka nyumbani? Tarsisi akasema karanga. Za nani? Za mama yangu.

Ameniambia hivyo mwenyewe. Nilitaka kusema, Babu, mdomo ulikataa. Nikimwambia nilipasuliwa, atauliza kizazi kiko wapi. Nikimwambia nilimdanganya mwaka mzima, atauliza mengine niliyomdanganya. Yatapita. Watu watanizoea.

Eufrasia


Njia ya Runzewe,
22 Aprili 1985

Eufrasia,

Marahaba. Watoto wazima. Salamu zimekwisha.

Hayapiti. Habari za karanga zimefika hapa kabla ya barua yako. Mzee Mihayo aliitisha mkutano shuleni. Wako wanaosema una ule ugonjwa mpya wa kukondesha wa upande wa Bukoba, lakini wengi wanapenda zaidi uchawi, maana uchawi una mtu wa kumshika. Mama Tarsisi aliwekwa mbele kwenye kigoda. Kitambaa chako alikuwa amekivaa.

Sasa mimi nikasimama. Ulinikataza, lakini nikasimama nikasema kila kitu. Kwamba alipasuliwa Ulaya, akabanwa tumbo kwa pini za chuma, likabaki kama yai, ndiyo maana anakwisha.

Kisha Mihayo akasema, "Mzee Bujiku, si wewe uliyetuambia kule Geita mlichimba mpaka mkawasikia Wazungu wakiongea chini ya ardhi?"

"Hilo lilikuwa utani. Hili ni kweli."

"Na lile la mamba aliyekuomba tumbaku?"

"Mihayo, achana na mamba!"

Kuna mtu nyuma akadakia, "Kabanwa kwa pini! Kama shati kwenye kamba!" Wakacheka, Eufrasia. Wakacheka mpaka akina mama wakajifuta machozi. Maisha yangu yote nimetafuta kuchekesha mkutano namna ile. Siku nimeweza, nilitamani ardhi inimeze.

Wakamgeukia mwenyewe. "Mama Tarsisi, mkwe wako alipasuliwa?" Akatazama miguu yake akasema, "Sijui."

Wamempa muda aeleze anakula watu kwa nini. Muda wenyewe hawakuutaja. Nilitaka kumpeleka misheni Ushirombo akakae na masista, hataki. Anasema akikimbia atakuwa amekubali.

Mimi hawaniamini. Mwili wako watauamini. Panda treni uje uwaonyeshe wanawake hilo kovu. Usinijibu kwa karatasi.

Bujiku


Dar es Salaam,
16 Juni 1985

Babu,

Shikamoo tena, ingawa tumeagana juzi tu. Nimefika salama, miguu imevimba kwa safari. Najua nilichelewa kuja. Barua yako nililala nayo chini ya mto wiki nyingi, nikisema kesho naomba ruhusa. Lakini nilikuja, na mengi sikuweza kukueleza pale mbele ya watu, kwa hiyo nayaandika.

Walikuwa wanawake sita, na Apolonia ndiye kiongozi wao. Tuliingia chumbani kwa Mama Tarsisi, yeye akabaki nje na watoto. Niliwaapisha kwanza kwamba Tarsisi asiambiwe. Apolonia akasema, "Sisi ni mama zako, vua." Nikavua. Nikainua ngozi, maana sasa inaning'inia kama mfuko mtupu, nikawaonyesha. Apolonia alipitisha kidole kwenye mstari, polepole, mwisho hadi mwisho. Akauliza, "Na hivi vitone?" Nikamweleza ni pini. Akauliza kama naweza kumaliza bakuli la ugali. Nikasema siwezi, chakula hakishuki. Akatikisa kichwa, akanifunika khanga kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyebisha. Walitoka kwa adabu kama watu wanaotoka kanisani.

Mama Tarsisi alinisindikiza hadi barabarani. Alinipa mayai ya kuchemsha. Akaniambia, "Kula kidogo kidogo, mwanangu, usijilazimishe."

Nafikiri yamekwisha. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza.

Mjukuu wako,
Eufrasia


Njia ya Runzewe,
11 Julai 1985

Eufrasia, mjukuu wangu,

Watoto wazima, wako kwangu. Naanza na hilo usije ukaanguka.

Telegramu imekuambia Mama Tarsisi amefariki. Telegramu haina nafasi ya mengine. Nitakuandikia na sitatania. Nikitania unisamehe, mkono umezoea.

Wale wanawake walinyamaza kwa sababu walikuwa wameogopa. Walipofika kwa Apolonia ndipo midomo ilipofunguka. Apolonia mwenyewe alipasuliwa misheni wakati wa uzazi wa mwisho. Akainua khanga akawaonyesha lake, na mwingine akainua lake. Yote wima, kutoka kitovuni kushuka. Akasema, "Hospitali hukata hivi. Nani aliwahi kuona hospitali inakata kwa kulala? Wa kulala ni wa wembe wa mganga. Ile ni chale, ndefu, na vile vitone ni mahali alipotiwa dawa. Na mwenyewe kasema chakula hakishuki." Wewe uliwaonyesha kovu zuri, mama. Zuri mno. Hawajawahi kuona daktari akifanya kazi nzuri namna ile, ila mchawi wanamjua kuwa fundi.

Niliposikia nilikwenda sokoni Runzewe walikokuwa wamekusanyika. Nikavua shati mbele ya wauza dagaa nikasema, tazameni, mimi ndiye babu yake, na mimi nilipasuliwa. Mihayo akasogea akalitazama jongoo langu. Akawageukia wenzake akasema, "Mnaona? Hata la babu yake ni la wima." Nikasimama pale tumbo wazi nikiwa nimewaongezea ushahidi.

Walikwenda kwa Mama Tarsisi Jumatano, mchana, watu wako kwenye pamba. Asubuhi alikuwa amewatuma watoto kwangu na kikapu cha viazi, akamwambia Ansgar wasirudi mpaka awaite. Hakuwaita. Nilikwenda mimi. Walivyomkata sitakuandikia. Wewe ni nesi, na hata hivyo sitakuandikia. Kesi ipo polisi, na hakuna aliyeona kitu.

Lakini liko jambo linanikaba kuliko hilo. Tarsisi alifika kuzika. Alisimama kaburini kama gogo. Padri aliposema watoto wa marehemu watangulie kutupa udongo, yeye akaweka mikono nyuma. Nikamnong'oneza, "Tarsisi, mtupie mama yako udongo." Akanijibu kwa sauti, watu wote wakasikia: "Aliyemla mke wangu siwezi kumtupia udongo." Akaondoka kabla kaburi halijajaa. Tumemaliza kufukia sisi wazee, na Salvina akasaidia kwa kisahani.

Sasa ujue na hili. Mama Tarsisi alijua. Siku ile ile barua yako ya kwanza ilipofika nilimwambia. Akasema, "Mwache apone. Tarsisi asisikie, ana hasira za baba yake, atamfukuza, na hawa watoto watalelewa na mwanamke wa kuokota." Jioni ya ule mkutano nilimfokea, kwa nini umesema hujui? Akasema, "Ningesema najua, Tarsisi angesikia kwa kinywa cha mama yake. Kwako wewe watasema unatania."

Basi. Mimi nimeshasema na nikachekwa. Wewe ndiye uliyebaki na mdomo. Tarsisi amepewa safari ya Dar tena. Atafika kwako.

Babu yako,
Bujiku


Dar es Salaam,
2 Agosti 1985

Babu,

Shikamoo.

Tarsisi alifika juzi. Nilimpa chakula, hakula. Nikafunga mlango, nikafungua dirisha ili mwanga uingie, nikavua. Alisema maneno yaleyale ya Apolonia. Nikamwambia ni mimi niliyechagua mkato ulale, nikamwambia na sababu, nikamtajia jina la Scolastika. Nikamwambia kizazi changu kipo. Hakuuliza habari za kizazi.

Alikaa kitako sakafuni. Akauliza, "Mama alijua?"

Nikasema, alijua.

Akauliza, "Alijua, akakaa kwenye kigoda chao akanyamaza?"

Nikasema ndiyo, kwa ajili yetu. Nilitaka kumgusa bega, akasogea.

Leo asubuhi amemkabidhi utingo wake funguo za lori, akapanda treni. Hajasema kama atarudi kwangu, na mimi sikumuuliza. Hakubeba kitu. Aliniuliza tu kama kaburi limeshaota majani, nikasema sijui, sijaliona.

Atafika kwako kabla ya barua hii au baada yake. Anakuja kutupa udongo. Wapigie watoto mluzi watoke wamsindikize, awe na watu. Mpe kiti, Babu, na tafadhali usimtanie.

Eufrasia